Kofia ya Nyaya

Jirani yetu mshonaji anaapa kwamba kaka alicheka. Anasema alimtania, "Wewe mwokaji, umelala mpaka mikate imeota ndevu," na mdomo wake ukacheza upande mmoja. Mimi nimekaa kando ya kitanda chake hapa hospitali wiki saba, tangu kaka aanguke kutoka juu ya lori na kupoteza fahamu, na sijaona kitu. Ila sikumbishia.

Leo daktari alimvika kaka kofia ya nyaya, ya mashine ya kupima ubongo. Alinieleza kwamba ubongo ni kama nyumba: habari ikiishia chumba kimoja, hakuna anayejua, ikisikika vyumba vyote, basi mwenyewe yumo. Mashine isipoona kitu, kesho kaka anatolewa wodi ya mazoezi, turudi naye nyumbani tumtazame tu.

Daktari akamsomea kaka kwenye karatasi: "Fikiria unacheza tenisi." Mstari kwenye kioo cha mashine haukubadilika. Akarudia, wapi.

Nikaingilia. "Samahani, daktari, huyu tenisi hajawahi hata kuiona. Tangu utotoni anakanda unga."

"Dada, karatasi ndiyo imeandikwa hivyo."

"Karatasi haimjui."

Alinitazama, akatazama saa, kisha akasogeza kiti chake. "Haya, mwambie wewe. Mara moja tu."

Nikamwinamia kaka sikioni. "Kaka, tanuri limeshapata moto na watu wako mlangoni. Kanda unga."