Jembe la Mzee Mawingu

Katika mji ule mdogo wa wakulima, hakuna aliyethubutu kutia mbegu ardhini kabla jembe la Mzee Mawingu halijasikika. Tambarare ile haina kilima wala msitu wa kuzuia sauti. Mzee akianza kugonga ardhi asubuhi, hata mashineni kwa msagaji wanamsikia, na watu wanabeba vikapu vya mbegu. Alijuaje kwamba mvua inakuja? Hakumwambia mtu, hata mkewe. Kiangazi hiki akafariki, na siri yake akaenda nayo.

Basi watu wakamgeukia mjane. Dukani, kisimani, kwa fundi cherehani, swali ni lile lile: "Mama, lini?" Naye anajikaza kisabuni, anajibu, "Bado." Bado ni jibu zuri, halimkoseshi mtu.

Asubuhi moja nyumba ikamshinda. Kiti cha mzee kitupu, kikombe chake kimefunikwa rafuni, na kimya kimejaa mpaka darini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, alijisemea, wamezika, wametawanyika. Akachukua jembe la marehemu akaenda kulima tu, apate kusikia kitu kinachogonga. Mbegu hakubeba.

Jasho lilipoanza kumtoka akainua kichwa. Majembe! Huku yanagonga, kule yanagonga. Moyo ukamlipuka. Mbinguni hakuna hata kipande cha wingu, na mbegu za maghalani ndizo za mwisho. Zikiungua ardhini, mji mzima utalala njaa kwa sababu yake. Shetani naye hakosi la kusema: nyamaza, huenda mvua ikaja, nawe uitwe Mama Mawingu. Maskini, alimsikiliza kidogo. Kisha akatupa jembe akatoka mbio, kilemba kikimwangukia shingoni.

Shamba la jirani lilikuwa la msagaji, mdogo wake marehemu, mtu anayeshindana kelele na mashine yake.

"Shemeji, acheni! Msipande! Mvua mimi siijui. Kaka yako hakuniambia kitu. Nimetoka kwa sababu nyumba imenishinda, basi!"

"Nani anapanda?" Msagaji alimwonyesha mikono mitupu. "Mbegu ziko ghalani."

"Sasa mnalima nini juani?"

"Nilikuona unapita na jembe, kikapu huna. Nikampigia simu fundi cherehani. Unamjua yule, akijua yeye mji umejua." Sauti yake ikashuka. "Shemeji, siku zote hizi tunakuuliza mvua. Hakuna aliyekuuliza umelalaje. Tumeona aibu. Tungeliacha jembe la kaka lilie peke yake?"

Mjane akalia pale pale, bila kujificha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Na siku ya kupanda, nani atawaambia?"

"Hakuna. Tutabahatisha. Tukikosea, tumekosea pamoja."

Akajifuta uso kwa kilemba, akarudi kuliokota jembe.