Kibanda cha Mbinya Kwenye Runinga

"Hali ni shwari Kariobangi," mtangazaji alisema, na runinga ikaonyesha barabara tulivu, watu wakipita na mizigo yao.

Mzee Owino akaruka kitini. "Norah! Kile si kibanda cha Mbinya?"

Mkewe akatoka jikoni mbio. Kibanda cha Mbinya, muuza mboga, kilibomolewa miezi mitano iliyopita, nao walikuwepo wakishuhudia.

"Basi hizo ni picha za zamani," Norah alisema. "Na mtoto wetu yuko huko."

Binti yao Maurine hutengeneza majiko katika karakana za jua kali za Kariobangi. Tangu maandamano yaanze asubuhi ile, simu yake haikupatikana.

Jirani yao Wafula akaingia bila hodi, simu mkononi. "Baba Maurine, serikali inaficha! Karakana zote zimeteketea. Ona!"

Owino akavaa miwani, akaitazama picha ile simuni. Nyuma ya moto palisimama minazi mirefu.

"Wafula, Kariobangi imeota minazi lini?"

"Kwani nimepiga mimi? Nimetumiwa tu."

"Wewe na hiyo runinga ni baba mmoja, mama mmoja."

Owino alikuwa msimamizi wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuruhusu treni hata moja kuondoka mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele aseme kwa kinywa chake kwamba njia ni wazi. Akafungua daftari lake, akatafuta namba ya Hibaq, mwenye duka la magodoro mkabala na karakana zile.

"Hibaq, mama, usiniambie ulichosikia. Unaona nini?"

"Niko dukani, mzee, nimejifungia. Mawe tele barabarani, na mabomu ya machozi yanatuwasha macho. Lakini karakana ziko salama."

"Na Maurine wangu?"

"Huyu hapa, anakoroma juu ya godoro langu jipya! Simu yake imeisha chaji, stima hakuna, na namba yenu haijui kwa kichwa."

"Mwamshe. Nataka kinywa chake."

Sauti ya usingizi ikasikika: "Baba, niko salama."

"Rudia."

"Ai, Baba! Niko salama!"

Norah akaketi sakafuni, akicheka huku akijifuta machozi kwa leso. Owino akazima runinga.

"Basi niwatumie watu habari hii?" Wafula akauliza.

"Kwanza futa minazi yako," Owino akasema, "halafu Norah atupe chai."