Mvinyo wa Kumlainisha Kaka

Lile jungu la umeme la kupikia polepole lilitumwa na Dada, ambaye yeye mwenyewe hakuja. Dada ni msusi, na saluni yake haijawahi kukosa kichwa kinachosubiri. Alituma na maneno: likusaidie kazi. Mdogo wake, ambaye nyumbani waliishia kumwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alilipokea kwa mikono miwili na kulichukia kwa moyo mmoja. Jungu linajua kupika uji. Kumgeuza Mama kitandani halijui.

Jumapili hiyo alilipa kazi nyingine. Alimimina mvinyo mwekundu, akatia machungwa aliyoyakata na maganda yake, vijiti vya mdalasini, karafuu chache na sukari. Jirani yake, mpishi wa hoteli, alikuwa amemwonya asiguse moto mkubwa: ukichemka, pombe yote inapaa na karafuu zinaleta uchungu. Uwekwe moto mdogo, ufunikwe, uachwe. Kitinda akafunika, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akasinzia akiwa ameshika upawa.

Mvinyo ulikuwa kwa ajili ya Kaka. Kaka mkubwa waliyemwita Mwenyekiti hakuwa na mazungumzo, alikuwa na vikao. Tumbo lake likiwa kavu, ombi lolote aliliahirisha hadi wahusika wote wapatikane. Likipata kitu cha moto, walau alisikiliza. Na Kitinda alikuwa na ombi moja tu: Mama aende kukaa kwa Kaka na kwa Dada, kwa zamu.

Tangu kiharusi kimpooze upande mmoja, Mama alilala chumba cha nyuma, akili zake timamu na ulimi wake mkali kama zamani. Kitinda, fundi wa nguo, alihamishia cherehani kando ya kitanda. Alishona kati ya uji na kuosha, kati ya kuosha na kugeuza, ili Mama asipate vidonda. Usiku vilevile. Juzi alishona mkono wa shati ukaziba mwishoni, na mwenye shati akauliza kama ni mfuko. Kitinda alicheka na mteja, kisha akaenda chooni kulia. Alikuwa amechoka uchovu usiotoka kwa kupumzika.

Harufu ilipofika chumbani, Mama akauliza kunapikwa nini. Kitinda akajibu ni juisi ya wageni. Mama akasema kwa umri wake hajawahi kunusa juisi yenye nia.

Wageni wakafika. Dada akampa pole mlangoni, Kaka akampa pole sebuleni, wakaenda kumsalimu Mama, wakarudi na pole nyingine. Nyumba ikajaa pole, na pole haigeuzi mgonjwa.

Glasi zikazunguka. Kaka akanywa ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa raha, akafungua kifungo cha shingo. Mambo yalikuwa yakienda vizuri, ila mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Kitinda alikuwa ameshinda akionja kwa upawa, na tumboni hakuwa na kitu tangu asubuhi. Mvinyo ulikuwa umeshampanda kichwani.

Kaka akasimama kutoa shukrani kwa niaba ya ukoo. Akasifu moyo wa mdogo wake, akamwombea baraka, akamalizia, "Sisi tunalala usingizi kwa sababu yako."

Kitinda alikuwa ametayarisha hotuba ndefu ya adabu. Yote ikamtoroka.

"Mimi silali, Kaka," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya vitunguu. "Mchukueni Mama. Tupokezane. Mimi nimeshindwa."

Neno hilo la mwisho lilimwaibisha hata akatazama chini, maana Mama alikuwa nyuma ya ukuta tu. Kisha Kaka akaeleza kwamba kwake kuna ngazi. Dada akaeleza kwamba kwake kuna wateja kutwa, na dawa za nywele zinakaba kifua hata cha mzima. Kaka akauliza saluni na ngazi kipi kizito. Dada akamwambia asimpandishie sauti. Kitinda alitaka kuwajibu kwamba hata hapa hapakujengwa hospitali. Akaegemeza kichwa kitini ili akusanye maneno, na hapohapo usingizi ukamchukua.

Alipozinduka dirisha lilikuwa limeshafifia. Wazo la kwanza: Mama hajageuzwa. Akakimbia chumbani. Godoro lilikuwa tupu, shuka zimeondolewa, mto haupo. Cherehani ilibaki peke yake. Akashika ukuta.

Dada akatokea jikoni na mikono yenye povu. "Tulipokuona umelala hivyo tukaacha kubishana, Kaka amemchukua. Hizo ngazi amesema atambeba. Akimaliza zamu yake, naanza mimi."

Kitinda akaketi ukingoni mwa godoro. Hicho ndicho alichokitaka, na sasa kilimuuma kama amenyang'anywa. Aliuliza ni kwa nini hawakumwamsha, walau amuage mama yake.

"Tulitaka," Dada akasema. "Mama akakataa. Kasema, mwacheni alale, mkimwamsha atabadili nia."

Kitinda akafungua mdomo akanushe, akajikuta mguu mmoja tayari umo ndani ya kiatu.