Ua wa Aldersby

Enid Raithby alikuwa akipaka siagi kwenye mkate redio iliposema kwamba Bunge limefuta kilichobaki cha Sheria ya Malisho ya Aldersby. Aliweka kisu, akaenda dirishani. Ua wa miiba ulikuwa bado upo. Mambo ya London huchelewa kufika Lincolnshire.

Sheria hiyo ndiyo iliyowapa kina Garsdale, wenye mashamba makubwa, malisho ya kijiji, enzi za babu wa babu zao, na ua uliota siku ileile ilipotiwa sahihi. Tangu hapo uliifuata sheria kila ilikokwenda. Kifungu cha kunyongwa kilipoondolewa, ua ulishuka kutoka kimo cha nyumba hadi kimo cha farasi. Kilipoondolewa cha viboko, ukashuka hadi kifuani. Enid alipokuwa msichana, Bunge lilitoa neno "lazima" likaweka "yaweza", na tangu hapo lango la malisho likawa linafunguka linapotaka. Watu walizoea kulibishia hodi. Siku lilipofunguka, mbwa wa Garsdale walikuwa nyuma yake.

Sasa kiwanja cha Enid kilikuwa udongo mtupu. Mabata bukini wake walikuwa wamekonda, na wasipopata majani kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, ingebidi wachinjwe siku hiyo pamoja na wa kijiji kizima. Walikuwa uzao wa mabata wa bibi yake. Wakienda hao, hana wengine.

Ua ulitoweka jioni ile, watu wakinywa chai. Haukuanguka. Ulikuwapo, kisha haukuwapo, na malisho yakaonekana yote, mabichi hadi bwawani.

"Haya, nenda," alisema jirani yake Wilf Codd, ameegemea baiskeli. "Au unangoja mwaliko wa malkia?"

"Tangulia wewe, mdomo mrefu."

"Mimi sina bata. Nina magoti mabovu tu."

Upande wa pili alisimama Cuthbert Mawer, msimamizi wa Garsdale, na mbwa wake. Alivua kofia.

"Habari za jioni, Bibi Raithby."

"Sheria imefutwa, Cuthbert."

"Imefutwa, mama. Ila kilichopatikana kwa sheria hiyo hakikufutwa. Wameliandika hilo mwisho kabisa wa sheria mpya. Tajiri amenisomea kwa simu."

"Kwa hiyo wizi umekwisha, mali abaki nayo mwizi."

"Mimi naangalia ng'ombe tu, mama."

Enid aliwaswaga bata. Walipofika pale ua ulipokuwa, wa mbele alilia, na manyoya ya kifua chake yakawa mekundu. Enid akapitisha mguu wake mwenyewe. Soksi ilichanika kutoka gotini hadi kifundoni, damu ikaingia kiatuni. Mbele yake palikuwa na hewa na majani. Mbwa wa Cuthbert alibaki amelala.

"Nilikuwa nakuja kukwambia," alisema Cuthbert.

Enid alisimama hapo mpaka baridi ikaanza. Kisha akawageuza bata. Wilf aliegemeza baiskeli ukutani. Alimshikia mlango wa banda.

Siku ya Mtakatifu Mikaeli Enid aliwachinja wote, akawaalika Wilf na kasisi mezani. Kasisi alisifu mchuzi. Katikati ya paja alisita, akatoa mdomoni mwiba mbichi, bado una jani. Akauweka ukingoni mwa sahani, kama Wilf alivyokwisha kuweka wake, akaomba asogezewe viazi.