Mkate Wenye Harufu ya Sanduku

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, nikalitii, na nusura karakana nzima ivunjike guu.

Mkuu mwenyewe ni baba mkubwa, fundi seremala, anayeamini kwamba ubao unaonukia ndio ubao bora. Mwokaji mikate wa mtaani alipoagiza meza ya kukandia unga, baba mkubwa alikwenda moja kwa moja kwenye mwerezi.

"Baba mkubwa, mwerezi ni wa masanduku ya nguo," nikamwambia. "Harufu yake inafukuza nondo. Itaingia kwenye unga."

"Kwani unga hauna wadudu?"

"Una wateja pia."

"Piga randa, binti. Ubao haulainishwi kwa mdomo."

Nikapiga randa. Meza ikatoka laini kama shavu la kichanga, na mwokaji akaipokea akichekelea.

Wiki haikuisha. Mwokaji akarudi na meza juu ya mkokoteni na mkate kwapani. Hakusalimia. Akaumega, akampa baba mkubwa kipande. Baba mkubwa akatafuna polepole, kama mtu anayetafuta neno la adabu.

"Umeiva vizuri," akasema.

"Una ladha ya kabati," mwokaji akajibu. "Mteja kaniuliza aule au autundike pamoja na makoti. Mzee, kesho alfajiri nakanda. Nisipopata meza nyingine leo, nahamia kwa fundi wa barabara ya pili, na rafu za duka langu jipya atatengeneza yeye."

Akaondoka, meza akatuachia. Na zile rafu ndizo kazi tuliyokuwa tukiiota mchana na usiku.

Dawa baba mkubwa aliijua: mfenesi. Tangu zamani watu huchonga mabakuli kwa mti huo, kwani ukikauka haugombani na chakula. Lakini mfenesi uliotufikia juzi ulikuwa mbichi. Ungepinda kabla unga haujaumuka. Mkavu ulikuwa mmoja tu, zile mbao pana zilizolala juu darini, alizojiwekea kwa kitanda chake cha uzeeni. Akazitazama. Akakohoa. Akasema anakwenda kula na kujinyoosha kidogo, kisha atafikiria.

Kujinyoosha kwa baba mkubwa nakujua. Kabla hajafika kwake, mimi nilikuwa juu ya ngazi. Nikaung'oa uso wa mwerezi, miguu nikaiacha, nikakata mfenesi, nikapiga randa mpaka mabega yakalalamika.

Aliporudi alasiri akichokonoa meno, nilikuwa nagongomea kigingi cha mwisho.

"Kitanda changu," akasema.

"Meza ya mwokaji," nikasema.

"Umekata bila ruhusa yangu."

"Nimekata. Ruhusa ilikuwa imelala."

Akaupapasa uso wa meza, akaunusa, akatafuta kasoro kwa kucha. Hakuipata, na hilo likamuudhi zaidi.

"Sawa. Lakini niombe radhi kwanza, ndipo tuipakie."

"Siombi, baba mkubwa. Wala kesho siombi," nikasema, nikashika upande mmoja wa meza; akaguna, kisha akashika wa pili.