Flopi ya Parokia

Walikuwa wameipaka mafuta ya upako. Flopi, ile diski ya zamani ya kompyuta! Wanawake wa kikundi cha maombi cha Fairfield, mtaa wetu huku ughaibuni, waliizunguka, wakaikemea roho ya kufungwa, wakaidondoshea mafuta ya zeituni katikati kabisa, halafu Kasoki, mama yake Déborah, akaniletea mimi ninayechezea kompyuta za zamani.

"Mama Déborah, mafuta ya nini sasa kwa disk?" nilimuuliza.

"Tuliiombea, kaka Mwiti. Ifunguke."

Sikucheka. Nilikuwa nimetoka ghalani Smithfield kupakua makontena tangu alfajiri, mgongo unaniuma, na sikutaka kumwona mtu. Lakini shida yake ilikuwa ya kweli. Mdogo wake, Précieux, yuko katika kambi ya wakimbizi Uganda mwaka wa tisa huu, na watu wa viza wanadai ushahidi kwamba ni ndugu yake wa damu. Daftari la ubatizo liliungua vitani pamoja na parokia ya kwao. Kilichobaki ni flopi hiyo, ambamo padri alilichapa daftari lote, na mtawa mmoja akaihifadhi.

Nilifungua ganda, nikaosha kisahani chake kwa spiriti, nikakitia katika ganda jingine. Kompyuta ikasema haioni kitu, ikaomba ruhusa ya kuiformati, yaani kufuta kila kilichomo, ruhusa ambayo wengi huitoa kisha wakalia. Ilikuwa flopi ya Macintosh ya zamani, na kompyuta za kawaida hazijui mwandiko ule. Nikaunganisha draivu ileile ya kusomea flopi na kibao cha USB kinachonakili alama za sumaku zilivyo, ili programu izifasiri baadaye. Jumamosi mbili zikaenda hivyo, siku zangu pekee za kulala.

Jumamosi ya tatu Kasoki alikuja, na majina yakajipanga kwenye skrini bila hata herufi moja kupotea. Pamoja na uchovu wangu wote, nilijiona fundi.

"Précieux huyu hapa!" nilisema. "Baba Balthazar, na mama ni huyo huyo wako." Nikausoma mstari hadi mwisho kabla sijajizuia. "Amefariki, Oktoba 1996."

Kasoki hakushtuka. "Njo mimi mwenyewe nilimubeba kwenda kaburini," alisema polepole. "Huyu wa kambi, mama alimuokota mu njia, tukikimbia vita. Akamupa jina ya mutoto wake mwenye alikufa."

Nilitamani ningekuwa nimeshindwa kazi. "Sasa mbona ukaniletea hii kitu, Mama Déborah?"

Aliinamisha kichwa. "Vita ilikuwa imeshafika. Nilizania padri hakupata wakati wa kuandika kama alikufa."