Taa ya Mlangoni

Mgeni aliingia wakati timu ikigongelea mbao za mwisho sakafuni. Ovaroli yake ilikuwa imeungua mgongoni, na moshi mwembamba ulikuwa ukimtoka kwenye kola.

"Huyo katumwa na bosi atupeleleze," alinong'ona fundi wa sauti, akifunika vifaa vyake kwa koti. "Na moshi wake asiusogeze kwenye maikrofoni zangu."

Fundi wa taa aliendelea kuunga nyaya. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, na jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwa rangi kwenye ubao wa nje, chini ya la seremala. Walikuwa wakigeuza karakana ya ushonaji iliyoungua kuwa kazi ya sanaa: ukikanyaga ubao, taa inawaka juu yako na cherehani inalia gizani. Bosi mwenye jengo ndiye aliyewaajiri.

"Nilikuwa nashona kona ile," mgeni alisema. "Siku ya moto tulipapasa hadi mlangoni. Mnyororo tuliupata, kufuli hatukuliona. Niwekee taa pale, dada. Isiondolewe."

"Nakuahidi, kaka," fundi wa taa alimjibu.

"Haya, ahidi tu watu usiowajua!" seremala alisema. Tangu hapo wenzake walimtazama na fundi wa taa kwa jicho la pembeni. Fundi wa sauti akawa anakwenda hata chooni na nyaya zake.

Fundi wa taa akaanza na taa ile ya mlangoni. Nyingine zote zikapata umeme kupitia hiyo.

Bosi alipokuja kukagua, alikanyaga huku na huku akicheka. Mlangoni taa ikawaka, lakini cherehani haikulia. Zilisikika ngumi nyingi zikigonga mbao, na mtu akiita, "Bosi, tufungulie!"

Fundi wa sauti akamkazia macho seremala. Seremala akamkazia fundi wa taa.

"Sauti safi," bosi alisema. "Ila hiyo ing'oeni. Watu wataanza maswali."

"Ukiing'oa, zote zinazima," fundi wa taa alisema.

"Si uunge upya? Kazi ya saa moja hiyo," seremala alisema.

"Nimeahidi."

Bosi alinyoosha kidole kwenye ubao wa nje. "Basi taa ibaki. Kitakachong'oka ni jina lako."

Seremala alilikwangua kwa msasa.

Jioni watazamaji walijaa, na mlangoni ndipo walipopiga makofi zaidi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo uleule na kufuli lilelile, maana bosi hakutaka watu watoroke na balbu. Fundi wa taa alitazama kutoka nje, dirishani, begi begani. Ndani, mgeni alikuwa ameinama chini ya taa, akilichunguza kufuli. Sasa aliliona vizuri.